Ijumaa Gani

Mtopanga, Jumapili, baada ya alasiri,
uani kwa Bi Shekue,
tumekalia madumu yetu matupu
kwa kuwa viti havikutosha
na maji ya kuyajaza hayakuwapo.
Wiki ya tatu hiyo. Kisima cha msikitini
kimegeuka chumvi,
chai twainywa tumekunja uso.

Twachagua mwenyekiti wa kamati ya maji.

Akasimama Mbeyu, fundi bomba,
kucha zina kutu isiyotoka kwa sabuni,
yeye aliyeziba bomba la hapa hapa uani
kwa mpira wa baiskeli, usiku, mvua yanyesha,
akataka nauli tu.
Mtu akauliza: "Maji yatarudi lini?"
Mbeyu akanyamaza.
Tukaukagua ukimya wake
kama chenji iliyopunjwa.
"Sijui," akasema. "Bomba la njia panda limeoza.
Hadi nilifukue, nilione."

Lo, hilo "sijui" lilivyotuangukia!
Mzee akakohoa. Mama mmoja
akaanza kutafuta kiatu chake.

Akainuka Badi Twalib,
kanzu imepigwa pasi hadi yakata,
sauti ya mtu asiyewahi kushikwa na kiu.
Swali halijafika mwisho, jibu limeshatua:
"Ijumaa!"

Ijumaa. Neno limeoga, limejitia uturi.
Tukapiga makofi, tukapiga na madumu.
Wahenga walituonya juu ya debe tupu;
hawakutwambia iko siku
debe tutakuwa tumelikalia wenyewe,
na mvumo utatoka mikononi mwetu.

Siwasemi wengine. Mkono wangu ndio uliotangulia,
mimi niliyesoma na Mbeyu tangu darasa la pili,
yeye akikokotoa hesabu kimya, akiipata,
na mwalimu akimsifu
aliyenyoosha kidole mbele.
Nilikuwa nimechoka.
Aliyechoka hataki ramani ya mabomba,
ataka siku yenye jina.
Shaka ya Mbeyu ilinitaka niibebe pamoja naye.
Uhakika wa Badi
haukunitaka kitu ila viganja.

Ijumaa ikaja, ikaswaliwa, ikapita.
Ikaja ya pili.
Ijumaa gani, hatukuwa tumeuliza.

Usiku wa kuamkia ya tatu nikasikia sururu njia panda.
Nikatoka na taa ya simu.
Mbeyu, shimoni hadi kiunoni, peke yake,
hajachaguliwa na mtu.
"Itachukua muda gani?" nikauliza.
Akanyamaza, kama kawaida yake.
Kisha: "Nishikie hapa."
Nikavua viatu, nikaingia.

Alfajiri bomba likakohoa,
yakatoka ya kahawia, halafu meupe.
Jua lilipochomoza Badi alikuwa ukingoni mwa shimo,
kanzu mpya,
mtaa mzima nyuma yake.
"Si niliwaambia Ijumaa?"

Wakapiga makofi.
Mimi sikupiga. Nisijisifu:
mikono ilikuwa imejaa tope.