Robo Tu

Jina lake la vitabuni silijui.
Mimi nakaita kasenti.
Alinipa nesi Mwasiti wa Kitete, siku ya uhamisho wake,
godoro likiwa tayari juu ya lori:
kachipukizi ka majani matatu, mviringo kama sarafu,
kamefungwa gazeti bichi.
"Kape mwanga," alisema, "ila jua lisikakaange."
Lori likaondoka na maelezo mengine yote.

Nikatoboa kopo la siagi kwa msumari wa moto,
nikachanganya udongo, mchanga wa korongoni,
na chenga za mkaa wa jana.

Mwezi wa kwanza nusura nikaue kwa mapenzi.
Maji asubuhi, maji jioni,
kama mgeni anayelazimishwa kula tena.
Majani yakawa manjano,
yakadondoka usiku, bila kuaga.
Ndipo nikajifunza kuchomeka kidole:
pakiwa pakavu hadi pingili ya pili, mwagilia;
pakiwa na ubaridi, nenda kafue.

Agosti, hapa Cheyo, vumbi jekundu
hupita hata tundu la kitasa.
Kila Jumapili nafuta jani kwa jani
kwa kipande cha kanga kuukuu;
katika maneno yake yote limebaki moja, *jirani*.
Kisha nazungusha kopo, robo tu,
maana kakiachwa kanaelemea dirishani, shingo upande,
kama abiria wa Dodoma anayetegea honi ya treni ya Kigoma
ambayo mimi, mkatisha tiketi,
najua bado imelala Kaliua.

"Noti tunavuna lini?" Mihayo hunitania.
Ada ya Nyanzobe haijatimia,
hisa za kikoba zimenipita wiki tatu,
na kasenti, badala ya pesa,
kametoa watoto: mmoja, wawili, watano,
wanapasua udongo kuzunguka shina.
Mmea wa nyumba hii, kweli.

Mama Kalunde, mweka hazina, alikuja Alhamisi
na daftari kwapani.
Nilikuwa na chai ya rangi, na asali, basi.
Akafungua daftari. Akalifunga.
"Kile dirishani ni nini?"

Nikachukua kisu, nikakata mzizi,
nikampandia mtoto mmoja
kwenye kikombe kisicho na mkono.
"Si malipo," nikamwambia.
"Najua," akasema,
akaandika deni langu lilelile,
elfu kumi na tano, kwa kalamu nyekundu,
akatoka amekashika kwa mikono miwili.

Wiki ya pili simu ikalia, saa nne usiku.
Nikaona jina lake, tumbo likanipoa.
"Kanainama," alinong'ona,
kwa sauti ya mtu mwenye mgonjwa ndani.
"Nakapa maji, kanazidi kuinama. Nifanyeje?"

"Acha maji, mama Kalunde.
Zungusha kikombe."

Nikasikia kikombe kikikwaruza meza, gizani kwake.

"Robo," nikamwambia. "Robo tu."