Umechelewa Kuingia

Jumanne, nyumba ya wazee, Lugo. Mvua
imeng'ang'ania ukuta wa Warumi tangu alfajiri.
Mama ameketi mbele ya supu ya kabichi,
anaitazama kama barua ya mtu mwingine.
"Mimi Uxía," nasema.
"Uxía wa nani?"
Namwambia. Ananishukuru kwa adabu,
kama mtu anavyomshukuru karani wa benki.

Daktari alinionyesha picha ya ubongo wake,
weusi hapa, weusi pale, kama nguo iliyoliwa na nondo.
Sikumwuliza nyimbo hukaa wapi.

Leo nimeleta kopo la paprika,
lile jekundu, mdomo umeliwa na kutu,
alilokuwa akilikwaruza kwa ufunguo wa ghala
usiku wa kumenya mahindi, kabla sijazaliwa.
Naligonga. Vibaya. Ta, ta-ta. Ta.

Kijiko kinashuka.
Vidole ambavyo jana vilishindwa na kifungo
vinapapasa meza, vinaanza:
ta-ka-ta, ta-ka-ta, kiganja, ngumi, kiganja,
na sauti inapanda kutoka huko ilikokuwa,
nyembamba, kavu, haikosi hata silabi:
ubeti wa msagaji mwenye unga kwenye kope,
ubeti wa padri aliyepotelewa na punda,
kisha wa tatu, ambao sijawahi kuusikia,
na hapo machozi yanamtoka, mkono bado unapiga.

"Amaro," anasema. "Meli imeshang'oa nanga?"

Baba yangu aliitwa Servando.
Servando hakupanda meli maishani;
hata kwenye basi alikuwa akitapika.

Nimefungua mlango kwa ufunguo wa watu.
Nyuma yake yuko msichana wa miaka kumi na tisa
analia gatini Vigo, na kilio ni cha leo,
hakijapoa hata kidogo.
Muuguzi ananong'ona: tumnyamazishe?
Hapana. Majira yote ya baridi
alikaa dirishani, hana hata chozi la kupangusa.

Basi naingia kwenye kiitikio, kwa sauti ya chura.
Ananikazia macho, mara ya kwanza tangu Pasaka.
Hanijui. Hajui mwaka, hajui kama amekula.
Ila anaushika mkono wangu, anauzuia hewani:
"Wewe binti, umechelewa kuingia.
Sikiliza kwanza. Haya, tena."

Supu iliganda.
Nilichelewa mara sita,
mbili kati ya hizo kwa makusudi.