Shimo la Spana Namba Kumi

Kila zana ina kaburi lake sandukuni:
sifongo nyeusi iliyochongwa kwa umbo lake,
bisibisi kwenye umbo la bisibisi,
koleo kwenye umbo la koleo.
Ukimaliza kazi unahesabu.
Shimo moja likibaki tupu, ndege hairuki.

Leo, saa kumi na moja alfajiri,
Šiauliai, kaskazini ya Lithuania,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
shimo la spana namba kumi liko wazi
kama pengo kinywani mwa mtoto.

Nikainua mkono. Simameni.

Meja Sotomaior alikwisha kupanda ngazi.
Jina lake limepakwa chini ya kioo, herufi nyeupe.
Langu lipo pia, karibu na gurudumu,
mahali pa kusomwa na anayepiga magoti.
Akashuka bila neno.
Anajua spana iliyosahauliwa tumboni mwa ndege
hailali ilipoachwa. Juu ya Baltiki
ndege ikibinuka, nayo inatembea,
inakwenda kutafuta waya wa kukaba.

Basi kengele ikalia, ndege ya akiba ikaenda badala yake.
Ngurumo ile haipiti masikioni,
inaingilia kifuani na kutokea magotini.
Hatukuinua vichwa. Tulikuwa tunatafuta.

Sisi watoto wa Alenteju, wa mizeituni na vumbi,
miezi minne hapa, na bado tunaitazama theluji
kama mgeni aliyekaa mno.
Chuma cha huku kinauma:
kiguse bila glavu, kinabaki na ngozi yako.
Na glavu nene haijui tofauti ya skrubu na kokoto,
kwa hiyo tulivua, tukatafuta, tukavaa, tukavua.
Quintino alilala chali chini ya bawa, tochi mdomoni.
Leonilde wa silaha, ambaye huyabembeleza makombora
kama mbuzi wakaidi, tulia, tulia we,
alifungua vifuniko kumi na vinne
akavifunga kumi na vinne.

Akaja Bwana Gintautas na gari lake la theluji,
nyuma yake sumaku ndefu kama reki.
Alikulia ng'ambo ya uzio huu,
enzi ndege zilizolala hapa zilikuwa za watu wengine.
Hakuuliza. Alipita taratibu ukingoni mwa lami,
akarudi, akapita tena,
kisha akashuka, akabandua kitu kwenye sumaku.

Spana.

Tukakimbia kama kuku walioonyeshwa mtama.
Lakini ilikuwa nzito, imeliwa na kutu,
na mpini wake una herufi
ambazo hakuna kati yetu aliyeweza kuzisoma.
Gintautas alizisoma. Akatema mate pembeni,
halafu akaifuta kwa kofia yake, polepole, pande zote mbili.

Kwa hiyo kuna mtu alisimama hapa kabla yangu,
pua ikimtoka kamasi la baridi,
akalitazama shimo sandukuni mwake
na kuinua mkono. Au hakuinua.

Yetu ilipatikana saa moja na robo.
Evaristo, miaka ishirini, alijikuna kwapani
na uso ukamshuka. Ndani ya koti, chini ya sweta:
aliitia pale usiku ipate joto,
isimng'ate vidole, akasahau
kwa kuwa yenyewe ilikwisha kuwa na joto la mwili wake.
Nilitaka kumfokea. Nilijaza hewa kabisa.
Nikaishika. Ilikuwa vuguvugu kama yai.

Nimeandika ripoti. Jina lake limo, sheria ni sheria.

Ndege ya akiba ilirudi saa mbili.
Walichokiona huko juu hawatuambii,
nasi hatuulizi; tunasoma matairi,
masizi, mafuta yaliyopungua.
Nikafungua sanduku, nikahesabu, nikafunga.

Ile ya kutu niliijaribu kwanza kwenye shimo letu,
hakuna aliyekuwa akinitazama.
Haikuingia. Ilibaki nje kidogo,
kama unene wa ukucha.