Safu Mbili

Daftari la Sikujua lina safu mbili.
Bibi yake ndiye aliyempa mke wangu jina hilo,
lakini bei ya betri anaijua,
ushuru wa bandarini anaujua,
na anajua macho yangu
yameshahamia kwenye lile la buluu.

Kushoto: Vezeli, jeupe, yadi ya Tegeta,
mlango wa nyuma umerudiwa rangi,
viti vinakunjika mpaka unapakia friji.
Kulia: C-HR, buluu ya wino, Kinondoni,
limekaza mabega kama bondia wa Manzese
anayesubiri kengele.
Bei zinapishana laki nane.
"Laki nane ni ada ya muhula," akasema,
akazipigia mstari. Mara mbili.

Yote mawili haibridi.
Fundi Ngwale wa Gerezani, grisi hadi viwikoni,
alichungulia chini ya kila moja,
akatafuta kutu, akatafuta tope la mafuriko ya nchi za watu,
akainuka akijishika kiuno:
"Mnajua mnachonunua?
Hapa kuna roho mbili, na fundi mmoja."
Akacheka peke yake.

Nikamkumbuka yule fisi wa njia panda
aliyenusa nyama huku na huku
akatanua miguu hadi akapasuka msamba.
Kumbe kuna watu walikaa, wakafikiri,
wakaunda fisi asiyepasuka:
mguu kwenye petroli, mguu kwenye umeme,
na foleni ya Mwenge ikigoma kusogea
ananyamaza, anateleza,
hujui anakanyaga upande upi.
Yeye hakuchagua.
Kuchagua katuachia sisi.

Jumamosi tulilijaribu la buluu.
Halikunguruma. Taa tu,
na sauti ya mwanamke, ya upole, ya Kijapani,
ikasema neno ambalo kijana wa yadi
alilitafsiri "Karibuni sana,"
naye Kijapani hajui hata cha kuombea maji.
Usukani ulinitii kabla sijauomba.
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.
Nilikuwa na nywele.

Nyuma, Tausi wetu, wa darasa la kwanza,
alikuwa anatafuta dirisha.
Dirisha lilikuwa juu, jembamba,
limebana kama jicho la mtu anayekudharau.
"Baba, Dar imeenda wapi?"
Sikujibu, nilikuwa nalipita lori.
Kabla hatujafika taa za Sayansi
alitapika uji, na chapati, na soda ya kuombea radhi,
juu ya kiti cha watu
ambacho hatujakilipia.

Kijana wa yadi akaacha kutabasamu.
Sikujua hakusema kitu.
Alivua mtandio, akamfuta mtoto, akafuta kiti,
akafungua daftari,
na kwenye safu ya kulia, chini ya bei,
akaandika neno moja: dirisha.

Tulinunua jeupe.
Asubuhi Tausi anatusomea jiji kwa silabi:
ki-nyo-zi, su-pu-i-po, ha-pa-ha-pa-u-zwi,
na tumbo lake limetulia.
Mafuta ninayoweka Jumatatu
yananifikisha Jumatatu.
Silalamiki.
Ila injini inapolala kwenye foleni
na la buluu likatupita kando,
shingo yangu hugeuka yenyewe.
Sikujua, macho kwenye simu yake:
"Mbele, Baba Tausi."

Na hili nalo lina mwanamke wake.
Kila nikiwasha ananiambia jambo lilelile.
Jirani yetu Mkunde, aliyewahi kusomea Osaka,
alisikiliza, akatikisa kichwa:
hakukaribishi, anakukumbusha
hujaingiza kadi
ya kulipia barabara za huko kwao.

Ndiyo, mama, namjibu. Sijaingiza.
Kisha narudi nyuma polepole,
natoka getini.