Jina la Mjomba

Newala, Septemba. Korosho zinadondoka.
Bibi haokoti za kwanza.

Barua ya mwisho ilitoka Masaka,
wino umechujuka penye mkunjo:
"Mama, muuze yule beberu, ulipe deni la Nang'ombe.
Viatu vinanibana.
Nitarudi korosho zikianguka."

Nilizaliwa mwaka uliofuata, nikapewa jina lake,
Chilumba, na vile viatu pia:
hadi leo Bibi hunikagua vidole vya miguu
nikivua ndara mlangoni.

Yeye bado ana miaka ishirini na miwili.
Mimi nina arobaini na tano, na kitambi,
na bunduki sijaishika hata ya mgambo.

"Chilumba!" anaita kutoka jikoni.
Nanyamaza kidogo,
nimpishe aitike.
Kisha naitika.