Inchi Mbili

Nduati wa kinu cha unga anataka koti lipunguzwe.
"Kata hapa, juu ya mshipi.
Mwizi akiiona bastola, atapitia njia ya Njoro.
Leseni ninayo. Nifiche, kwani nimeiba?"

Kiptalam, muuza mbolea, anataka lake lirefushwe.
"Niongezee inchi mbili, isichungulie.
Ikionekana, wakija wataanza na mimi."

Jumamosi wakakutana kwangu, nyuma ya soko,
wakabishana juu ya cherehani
mpaka chai ikaota utando.
Huyu anasema: woga huo. Yule: majivuno.
Mimi nina pini mdomoni.

Nikawapima.
Wote wawili bega la kulia limeinama kidogo.
Nikapanga kutia pamba upande huo,
la Nduati, la Kiptalam,
bila kuuliza.

Bi Nyaboke wa kituo cha petroli
alikuwa kwenye benchi, akingoja gauni.
"Mimi yangu ina mwaka wa tisa," akasema,
"na marehemu alikwenda hajui naiweka wapi."
Akaufunga mkoba.
Tuliisikia zipu yote, jino kwa jino.

Wakaondoka, kila mtu na risiti yake.

Mwanangu alikuwa sakafuni akiokota vifungo.
Kimo chake ni viunoni mwa watu;
makoti ya Nakuru, marefu kwa mafupi,
yeye huyatazama kutoka chini.
Akaniuliza, kati yao askari ni nani.

Nikamwambia: hesabu vifungo.