Mtungi

Nyuma ya stakabadhi ya korosho
Somoe anapanga safari ya Msimbati:
mitungi minne, mikanda ya risasi,
suti za mpira, maana Julai maji yanauma
ukishapita mita ishirini,
hata huku kwetu kusini.
Jumanne, maji mafu.
(Maji mafu ndiyo yanayotunza walio hai.)
Chilumba aache sigara kuanzia leo.

Bibi anaugonga mtungi kwa ukucha.
"Huu unaingia baharini
unarudi bila maji?"
"Umebeba pumzi, bibi."
"Ya nani?"
"Yangu. Nimeilipia."
Bibi anacheka, kisha hacheki.

Kalamu inasimama.
Dakika arobaini, watu wawili.
Anahesabu tena, anapiga mstari,
halafu pembeni, kwa herufi ndogo:
tukiibuka,
bibi apigiwe simu kwanza.